Kabla ya Kununua Betri Mpya

Wasikilizaji wetu, katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru zingaliko Land Rover za zamani zinazochukua ndizi, mbolea, na hata wagonjwa. Gari la aina hiyo lilionyeshwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, mjini Amsterdam. Leo twataka kueleza jinsi ya kutambua kwa nini betri ya gari kama hilo haipati chaji.

Usiku mmoja tulipanda gari la namna hiyo, tukimpeleka hospitali mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mbele ya dereva taa ndogo nyekundu ilikuwa ikiwaka. Tulipomwuliza alijibu, "Hiyo imezoea kuwaka, Mwalimu. Betri ni mpya." Hatukufika mbali. Taa za mbele zilififia, kisha injini ikazimika, maana injini ya petroli haiendi bila cheche ya umeme. Vijana wakamchukua mama yule kwa machela hata barabara kuu. Alijifungua salama, lakini ilikuwa bahati. Asubuhi fundi alikuta mkanda wa feni umelegea. Betri haikuwa na kosa lo lote.

Wakulima wa Meru wataelewa jambo hili upesi. Maji hutoka mtoni, hupita mferejini, huingia bwawani. Katika gari, dainamo ndiyo mto, waya ni mfereji, na betri ni bwawa. Mto ukikauka au mfereji ukibomoka, kuchimba bwawa jipya hakutaleta maji. Land Rover nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 1971 zina alteneta badala ya dainamo, lakini uchunguzi wake ni karibu ule ule.

Kwanza, itazame taa nyekundu. Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini, yapasa iwake. Injini ikienda, yapasa izimike. Isipowaka kabisa, huenda globu imeungua au waya umekatika. Ikizidi kuwaka, betri haipati chaji.

Pili, zima injini, ukabonyeze mkanda wa feni kwa kidole, katikati ya puli mbili. Yapasa ushuke kadiri ya sentimita 1. Ukilegea sana huteleza, nayo dainamo haizunguki ipasavyo. Ukaze; na kama umepasuka, weka mwingine.

Tatu, safisha ncha za betri, ukaze nyaya zake, hasa ule uliofungwa kwenye chuma cha gari. Lakini jihadhari: katika magari mengi ya zamani ya Uingereza, ncha chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chuma, wala si hasi. Hakikisha kwanza, maana kuzigeuza huleta hasara.

Nne, tumia mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha kama 12.6. Washa injini, ukanyage mafuta kidogo. Mita yapasa kupanda karibu na 14. Isipopanda, pima kwenye alteneta yenyewe. Ukikuta 14 huko na 12 kwenye betri, ubovu umo katika waya. Pote pakiwa chini, mwambie fundi atazame kaboni, huenda zimelika, pamoja na kidhibiti cha umeme. Mita ikipita 15, kidhibiti ndicho kibovu, nacho kitachemsha maji ya betri.

Wako wanaopima kwa kuchomoa waya wa betri injini ikienda. Tusifanye hivyo, maana alteneta yaweza kuungua mara moja.

Uchunguzi huu wahitaji muda mfupi tu, na wengi wetu twaweza kuufanya kabla ya safari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Taa nyekundu ikiwaka, dereva asiseme imezoea; asimamishe gari, afungue boneti, atazame mkanda.