Madoa ya uso wakati wa mimba

Mama, ukiwa na mimba unaweza kuona madoa meusi kwenye paji la uso, mashavuni au juu ya mdomo. Usiogope. Huu si uchawi, wala si uchafu.

Madoa yanatoka wapi?
Ndani ya ngozi yetu muko rangi inayoitwa melanini. Inatukinga kama mwavuli, jua lisituunguze. Wakati wa mimba homoni za mama zinaiongeza, na jua linaizidisha. Kwa wamama wengi madoa yanafifia pole pole miezi kadhaa baada ya kuzaa.

Hatari iko wapi?
Mama akichoka kungoja, anaenda sokoni kununua pomadi ya kung’arisha. Nyingi zina hidrokinoni, zebaki au kortizoni kali.
– Hidrokinoni, ikipakwa muda mrefu, inaweza kuacha madoa mabaya kuliko yale ya kwanza.
– Kortizoni inapunguza unene wa ngozi. Mama akipasuliwa ili azae, kidonda kinaweza kukawia kupona. Akiipaka mwili mzima, mutoto anaweza kuzaliwa mudogo.
– Zebaki inaharibu figo. Inapita katika damu na maziwa ya mama, inadhuru ubongo wa mutoto.
Ndiyo sababu Rwanda, jirani yetu, ilianza mwaka wa 2018 kuziondoa pomadi hizi madukani.

Ufanye nini?
1. Ukienda shambani, vaa kofia pana au funga kitambaa kinachotia uso kivuli.
2. Nawa kwa maji na sabuni ya kawaida. Usisugue kwa nguvu, usipake limau wala sabuni ya kufulia.
3. Soma kopo kabla ya kununua. Kama halionyeshi vilivyomo ndani, liache.
4. Usimpake mutoto pomadi hizi hata kidogo.

Kama umekwisha kuzoea kuipaka, usifiche. Mwambie muganga siku ya kupima mimba, ulete na kopo lake. Kortizoni ikiachwa kwa ghafula, ngozi inaweza kuwaka; yeye atakuonyesha namna ya kuiacha. Hatukugombeze.

Na doa jeupe au jekundu lisilosikia kuguswa je? Hilo ni jambo lingine: inaweza kuwa ukoma. Njoo upesi. Ukoma unapona, na dawa yake ni ya bure.

Mama, madoa ya mimba yatapungua. Mutoto akidhurika tumboni, ni vigumu kumponya. Ngojea kidogo.