Nani aliona ya jana? Masolo ya televizio mu busi ya kazi

Mu busi ya wafanyakazi inayotoka Kolwezi saa kumi na moja ya asubuyi kwenda ku machimbo, hakuna mutu anayeanza siku kwa kuzungumza mushahara. Mushahara tunaujua, hauna habari mupya. Swali la kwanza ni hili: "Njo nani aliona ya jana?" Yule anayejibu "miye" anapewa kiti cha katikati, fasi wote wanaweza kumusikia, hata kama ni journalier aliyeingia kazini juzi.

"Ya jana" ni episodi ya feyeto. Ba ndugu wasomaji munazijua: ile michezo ya mufululizo inayotoka Mexico, Brazil, Colombia ao India, na inayosemeshwa Kifaransa mbele ya kufika kwetu. Tangu Novelas TV iliingia mu dekodere za Canal+ mu 2015, kuna chaneli nzima isiyofanya kazi ingine, muchana na usiku. Watu wengine wanasema feyeto ni mambo ya ba mama. Uongo! Mimi najua makanika wa mashine kubwa, baba wa watoto saba, ambaye kila magaribi anasimama nyuma ya kiti cha bibi yake akijifanya anatafuta chaja ya simu. Anaitafuta dakika arobaini na tano. Asubuyi yake mu busi, anajua hata jina la mbwa wa bwana tajiri.

Lakini mutu wa mugodi hawezi kufuata feyeto sawa vile mwalimu ao mutu wa biro anavyoifuata. Tunafanya kazi kwa ekipe tatu: wiki moja asubuyi, wiki moja kisha muchana, wiki moja usiku. Wiki ya kisha muchana, magaribi inakukuta kazini. Wiki ya usiku, magaribi unajitayarisha kutoka. Ongeza umeme wa SNEL unaokatika palepale binti anapofungua barua, ongeza abonema inayoisha tarehe 20 wakati mushahara unaingia mwisho wa mwezi. Ukihesabu vizuri, utakuta kwamba wengi wetu tunajua feyeto kwa masikio kuliko kwa macho. Kwa kila watu kumi wanaobishana juu ya episodi, pengine watatu tu waliiona. Na hao wengine saba njo wenye kubisha kwa nguvu!

Kusimulia kuna sheria zake, hata hakuna aliyeziandika. Haukubaliwi kuruka. Ukiruka, sauti inatoka nyuma ya busi: "Weye unarukaka! Rudia fasi ya barua." Haukubaliwi kusema mwisho mbele ya wakati, hata kama dada yako wa Lubumbashi aliona feyeto yote mwaka jana. Na haukubaliwi kuweka maneno yako mu kinywa cha mutu wa feyeto bila kusema "miye naona". Kuna kijana mumoja aliyetudanganya siku tatu, akasema bibi harusi alikufa, kumbe hakuona kitu, alilala. Mupaka leo, akifungua kinywa, watu wanamuuliza: "Ni ya kuona ao ni ya kulala?"

Musimuliaji mukubwa kwetu ni mama mumoja wa kantini. Kifaransa anakisikia nusu tu, na labda njo sababu hakuna anayemushinda. Anatafsiri mu Kiswahili ya kwetu, na ile hacienda ya Mexico kwake inakuwa "shamba ya mukubwa ku njia ya Kasumbalesa". Notaire mwenye kugeuza karatasi za uriti anakuwa shefu wa karitié aliyeuzisha kiwanja kimoja kwa watu wawili. Hapo watu wanapiga kelele, juu kila mutu anajua kiwanja cha namna hiyo, na wengine wanajua mupaka namba ya parseli. Mama-mukwe wa tajiri, yeye hamuite jina. Anasema tu "ule mutu", na tunafahamu.

Miye nasema feyeto inamalizika kutengenezwa hapo, mu mikono ya yule mama, kati ya sahani za bukari na sombe. Kule Mexico walifanya picha tu.

Na jambo hili si la leo. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka kundi la Mufwankolo, wakati televizio iliitwa bado OZRT. Ile ilikuwa michezo ya kwetu, mu Kiswahili ya kwetu, yenye mulevi, kapita, bibi mukali na baba mudanganyifu. Wachezaji hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikubaliana mwendo wa hadisi, nani anaingia wapi, kisha kila mutu anatafuta maneno yake palepale mbele ya watu. Mu 1986 walitayarisha muchezo mukubwa, "Le pouvoir se mange entier", wakaenda kuucheza mu kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, na televizio ikaurekodi huko. Mutafiti Johannes Fabian alikuwapo. Mu kitabu chake cha 1990 alionyesha kitu ambacho kinanigusa: mbele ya kucheza, wachezaji walikaa wakabishana juu ya ile mezali yenyewe. Ina maana gani, kula utawala muzima? Shefu asigawanye na mutu? Ao utawala ukigawanywa unakufa? Kila mutu alileta yake, na muchezo ukatoka mu ule mubishano.

Kwa Mufwankolo masolo yalikuja mbele ya muchezo. Kwetu leo yanakuja nyuma, juu muchezo unafika umekwisha kupikwa na watu wasiotujua. Redio na televizio za Lubumbashi hazikosi, Nyota, Mwangaza, Wantanshi na zingine, na zinasema Kiswahili. Lakini magaribi, kama familia imekaa pamoja, rimoti inaenda kwa tajiri wa Mexico. Silaumu mutu. Feyeto nzuri ni nzuri. Nasema tu kwamba yule mama wa kantini anafanya bure kazi ambayo zamani tulikuwa na wachezaji wa kuifanya.

Sasa niseme kile masolo hayo yamenifundisha mimi kama delege wa sendika.

Ukiita mukutano na kuuliza: "Ndugu zangu, kuna shida gani na shefu wenu?", utapata kimya. Kila mutu anatazama viatu vyake. Hajui nani ataenda kusema, na journalier hana hata karatasi ya kumulinda. Lakini siku moja mu busi, episodi ilikuwa juu ya binti wa kazi aliyefukuzwa mu nyumba ya tajiri, bila malipo, kisha miaka mingi. Busi ikawaka moto.

"Ule baba haiko mubaya, ni mama yake njo anamufundishaka."

"Mubaya ni yeye! Juu ya nini hakumupatia binti kontra?"

"Kontra ya nini? Alikuwa anaingia kila siku, anatoka kila siku, sawa shiye."

Sawa shiye. Neno hilo lilitoka kwa kijana wa kusafisha makonveya, mutu ambaye sikuwahi kusikia sauti yake. Akaendelea: shefu wa kampuni yao, sous-traitance, anawaandika kwa siku, wiki ya tatu anawapumzisha siku chache, kisha anawaita tena kama watu wapya. Wengine wawili wakasema kwao ni vile vile. Mu dakika ishirini nilisikia kile sikusikia mu mikutano ya miezi. Sikutoa karatasi, sikuandika jina. Nikawaambia tu kwamba yule binti, kama angekuwa hapa kwetu, angekuwa na Code du travail ya tarehe 16/10/2002, artikele ya 40: mutu wa kuajiriwa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 mu miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ya miezi hiyo kuisha, kazi yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Watu wakauliza: "Kwa binti tu, ao hata kwa siye?" Yule kijana hakuuliza kitu. Alikuwa anahesabu na vidole.

Mutu anaweza kumusema tajiri wa Mexico kwa sauti kubwa, juu tajiri wa Mexico hana musikilizaji mu busi.

Kuna televizio ingine ambayo masolo hayatoshi, ni ile ya moja kwa moja, ya direkti. Episodi inarudiliwa asubuyi, na kama siyo asubuyi, yule mama ataisimulia. Direkti haisimuliwi, ao ikisimuliwa inabaki majivu. Tarehe 14/12/2010, TP Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 kule Abu Dhabi, Kabangu na Kaluyituka wakafunga, na Kidiaba akarukaruka na matako juu ya majani mbele ya dunia nzima. Ilikuwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kuingia finale ya kombe la dunia la ma-club. Hata ile 3 kwa 0 ya Inter siku ine nyuma yake haikufuta kitu. Leo bado kuna wazee mu Kolwezi wanaogawanya watu kwa makundi mawili: wale waliokuwa mbele ya ekrani, na wale waliokuwa ekipe ya kisha muchana. Hao wa pili wanasimulia goli vizuri kuliko wa kwanza, lakini ukiwauliza "Weye uliona?", wananyamaza.

Na tarehe 7/2/2024, demi-finale ya CAN kule Abidjan, Léopards na Côte d'Ivoire. Wakati wimbo wa taifa unapigwa, wachezaji wetu waliziba vinywa na mukono mumoja, na mukono mwingine wakaweka vidole viwili ku kichwa sawa bunduki. Ilikuwa juu ya ndugu zetu wa Mashariki wanaouawa na dunia inayonyamaza. Mechi tulipoteza, 1 kwa 0, goli ya Haller. Lakini asubuyi yake hakuna aliyeanza na goli. Watu walionyesha tu ile alama mu busi, mikono ku kinywa na ku kichwa, bila kusema neno. Dereva mumoja mwenye familia Goma alilia, na hakuna aliyemucheka. Masolo siku hiyo yalianza tu tulipofika ku barriere.

Nafika ku jambo lililonifanya niandike. Mu base-vie moja, sitaitaja, fasi wafanyakazi wanalala wiki nzima mbali na nyumba, kulikuwa televizio mu refektuari. Mwaka jana wakubwa waliiondoa. Sababu waliyotoa: watu wanachelewa kulala, na mutu mwenye usingizi juu ya benne ya tani mia ni hatari. Mimi sicheki sababu hiyo. Nimebeba jeneza, najua usingizi unafanya nini ku gurudumu. Lakini kisha kuondoa televizio, watu hawakulala. Waliingia vyumbani na simu, kila mutu peke yake chini ya blanketi, kioo kidogo machoni mupaka saa sita ya usiku, mpaka mega ziishe. Mbele, feyeto ilikuwa inaisha saa tatu, tunabishana nusu saa, tunaenda kulala. Hakukuwa na saa ya kuzima iliyo nzuri kuliko ile.

Kingine kilichopotea hakuna aliyekiandika mu ripoti. Ku meza, ekipe ya umeme ilikaa na ekipe ya umeme, watu wa Kasai na watu wa Kasai, wa Likasi na wa Likasi. Mbele, aliyekuwa anamutetea mama-mukwe alikaa na wenzake wa kumutetea, awe anatoka wapi.

Tuliandika barua. Kisha miezi mine televizio ilirudi, ikawekwa juu kabisa mu kisanduku cha vyuma, chaneli imechaguliwa na biro: habari za bei ya kobalti mu Kiingereza, sauti chini. Rimoti iko kwa mulinzi, na mulinzi anasema hana ruhusa. Watu wanakula wakitazama namba nyekundu na namba za kijani zikipita, na mutu mumoja anauliza kama ile nyekundu ni mushahara wetu.

Barua ya pili inaomba mambo matatu: saa moja ya feyeto kila magaribi, kuzima saa tatu na nusu, na sauti kufunguliwa siku Léopards wanacheza. Jibu lilikuwa "itachunguzwa". Mu mukutano wa mwezi huu na wakubwa, jambo hili ni la 6, nyuma ya viatu vya usalama na maji ya kunywa, na ninaona fasi hiyo ni ya haki. Mama wa kantini alisoma liste mbele ya kutumwa. Akauliza juu ya nini rimoti haimo. Tukaiongeza na kalamu.