Koili mpya, gari bado linamisi? Chungulia shimo la plagi

Tangu mvua zianze kunyesha hapa Mpanda, wasikilizaji wanaotuandikia kuhusu magari wanauliza karibu swali moja. Asubuhi gari linawaka kwa shida, injini inatetemeka, mlimani linajikongoja, na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Fundi akabadilisha koili, gari likapona. Wiki tatu baadaye tatizo limerudi. Je, koili ilikuwa feki?

Inawezekana, spea feki zipo. Lakini sisi wenyewe tulinunua koili mbili kwa silinda ileile ya gari letu la kazini kabla ya kujua kwamba kilichokuwa kinaziua ni mpira mdogo wa bei ndogo: sili ya shimo la plagi. Injini ilianza kumisi tena tukitoka Kibaoni kurudi Mpanda, saa kumi na mbili jioni, tukiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Anayeijua barabara ile anajua kuwa si mahali pa kushuka na kufungua boneti. Tukapandisha vioo kwa sababu ya mbung'o, tukatambaa hivyo hivyo hadi Sitalike.

Jambo lenyewe liko hivi. Betri ina volti 12 tu, lakini cheche haiwezi kuruka kwenye plagi bila maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 10,000. Koili ndiyo inayoukuza umeme huo. Kwenye IST, Probox na magari mengi madogo ya petroli tunayotumia siku hizi, kila plagi ina koili yake, imekaa juu kama kofia, na mpira wake mrefu unashuka ndani ya shimo. Shimo hilo limepita katikati ya kava la tapeti, na chini ya kava oili inarukaruka muda wote injini inapofanya kazi. Kinachoizuia oili isimiminike shimoni ni sili ya duara. Joto la miaka huifanya sili hiyo kuwa ngumu kama plastiki, halafu inapasuka. Oili ikijaa shimoni, mpira wa koili unavimba, unalainika na kuchanika, na umeme unapata njia ya mkato kwenda kwenye chuma badala ya kufika kwenye ncha ya plagi. Maji nayo hufanya vivyo hivyo, hasa baada ya injini kuoshwa kwa mashine ya presha.

(Wenye Land Cruiser na Hilux za dizeli, haya hayawahusu. Injini yenu haiwashi kwa cheche.)

Kama una spana namba 10 na spana ndefu ya plagi, unaweza kukagua mwenyewe. Zima injini na uache ipoe kabisa. Chomoa soketi ya waya kwa kubonyeza kilimi chake, usivute waya. Fungua nati ya koili, izungushe kidogo kulia na kushoto, kisha ivute juu taratibu. Itazame. Mpira ukiwa umelowa oili, umepasuka au una mistari myeupe au myeusi iliyoungua, umeme umekuwa ukivujia hapo. Ukiona kutu kwenye springi, maji yameingia. Kisha mulika shimoni kwa tochi ya simu: shimo zima linatakiwa kuwa kavu.

Ukikuta oili, usikimbilie kufungua plagi, maana itamwagikia ndani ya silinda pamoja na mchanga wote uliokaa pale. Ifyonze kwanza. Sisi tulitumia bomba la sindano kutoka duka la dawa za mifugo, tukaunganisha na kipande cha mpira mwembamba. Malizia kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Ukikuta vumbi tu, lipulize kwa pampu ya baiskeli huku umekinga macho.

Kujua kama koili yenyewe imekufa hakuhitaji fedha. Mashine ya kupimia ikionyesha P0301, maana yake silinda ya kwanza inamisi. P0302 ni ya pili, hadi P0304. Injini ikiwa imezimwa, hamisha koili ya kwanza uiweke ya tatu, na ya tatu uiweke ya kwanza. Washa, endesha, pima tena. Namba ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, angalia plagi, waya au nozeli. Ile tabia ya kuchomoa koili injini ikinguruma ili kusikiliza mabadiliko tunaikataa: inapiga shoti, na inaweza kuua koili iliyokuwa nzima.

Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, usilazimishe safari ya Inyonga. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yanapata joto kali na kuharibika. Wakati wa kiangazi, gari la hivyo likiegeshwa juu ya majani makavu linaweza kuwasha moto.

Sili zinabadilishwa kwa kufungua kava la tapeti, na hapo mpe kazi fundi. Mwambie abadilishe gasketi ya kava na sili zote nne kwa pamoja, kwa kuwa zimezeeka pamoja. Simama naye. Akitaka kupaka silikoni nyingi badala ya kuweka sili mpya, mkatalie. Vipande vyake hukatika na kuziba chujio la oili. Nati za kava zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati, bila kutumia nguvu. Mwombe pia akague vali ya kupumulia ya injini, ambayo mafundi wengi huisahau. Ikiziba, presha hujaa ndani na kuisukuma oili kupita hata kwenye sili mpya.

Kwa baadhi ya koili, mpira wa chini unauzwa peke yake, kwa hiyo uliza dukani kabla ya kununua koili nzima. Baada ya wiki moja fungua koili moja, mulika tena shimoni. Letu tulilikuta kavu.