Je, Wajua? Bologna, Mji wa Kutembea Bila Mwavuli

Je, wajua kwamba katika mji mkongwe wa Bologna, kaskazini mwa Italia, unaweza kutembea karibu kila mahali mvua ikinyesha na usilowe? Barabara zake zimepakana na varanda zenye matao, wenyewe huziita portici, ambazo ukizijumlisha zote zinafika kilomita 62 hivi. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021.

Chanzo cha varanda hizi ni tamaa ya kodi ya nyumba. Katika zama za kati mji ulifurika watu, wakiwamo wanafunzi waliofuata chuo kikuu kinachohesabu umri wake tangu 1088. Wenye nyumba wakatokeza vyumba vya ghorofani juu ya barabara, wakavishikilia kwa nguzo za mbao. Serikali ya mji, badala ya kubomoa, mwaka 1288 iliamuru kila nyumba mpya iwe na varanda, tena yenye kimo cha mita 2.66 angalau, ili apite mtu aliyepanda farasi. Mpaka leo nyingi ni mali ya mwenye nyumba, lakini njia ni ya umma. Mpango wa busara kweli! Ukipita Strada Maggiore, simama kwenye Casa Isolani uone nguzo za mbao za karne ya 13 zikiwa bado kazini.

Varanda ndefu kuliko zote inapanda kilima hadi kanisa la Madonna di San Luca: karibu kilomita 3.8, matao 666. Ilianza kujengwa 1674 kuwakinga waumini wanaoshusha picha ya Bikira Maria mjini kila mwaka, desturi iliyoanza 1433 mvua zilipokataa kukoma. Hata kama una siku mbili tu, itengee asubuhi nzima, na uvae viatu vya maana.

Je, wajua kwamba mnara wa Garisenda, uliopinda kama mlevi, ulimvutia Dante hata akautaja katika shairi lake kuhusu Jehanamu? Wakati wa Dante mnara huo ulikuwa mrefu zaidi. Karne ya 14 ulipunguzwa kwa hofu ya kuanguka. Mwenzake, Asinelli, una mita 97, na wanafunzi huamini kwamba anayeupanda kabla ya kuhitimu hatahitimu kamwe. Tangu Oktoba 2023 umefungwa kwa usalama, kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha.

Ndani ya kanisa la San Petronio, mstari wa mita 66.8 umelazwa sakafuni. Mwanaastronomia Cassini aliuchora 1655. Mwanga unaopenya tundu la darini huukata kila adhuhuri.

Ila jambo zito kuliko yote halionekani kwa macho. Mwaka 1256 mji huu uliamua kuwakomboa watumwa wa mashamba 5,855, ukawalipa mabwana wao kutoka hazina, na majina ya waliokombolewa yakaandikwa katika kitabu kiitwacho Liber Paradisus. Si huruma tupu: mtu huru hutozwa kodi, mtumwa hatozwi.

Ukichoka, kaa mkahawani uagize tagliatelle al ragù. Usiagize spageti ya Bolognese, kwani wenyeji hawaitambui.