Gari la Zimamoto Kuukuu Mmelinunua, Sasa Mlitunzeje?

Ndugu msikilizaji, majuma mawili yaliyopita nilipata barua kutoka nyanda za juu kusini, kurasa nne za mkono, na chini yake saini saba. Waandishi wake ni wafanyabiashara wa mbao. Mwaka jana moto ulianzia kwenye lundo la maranda, na kabla ya usiku wa manane mashine mbili za kupasulia mbao na mali yote ya wenzao watatu ilikwisha kuwa majivu. Gari la zimamoto lilitoka mbali, likakuta moshi. Baada ya hapo wakachangishana, wengine wakauza ng'ombe, wakanunua gari lao wenyewe: Bedford kuukuu la Kiingereza, lililoundwa mwaka 1955. Wanauliza walitunze vipi lisije likawaaibisha siku ya siku.

Mimi ni mwandishi wa habari. Stashahada yangu haikunifundisha kufungua pampu. Kwa hiyo niliichukua barua ile nikampelekea mzee mmoja mstaafu aliyekuwa fundi na dereva wa magari ya zimamoto kwa miaka mingi. Aliisoma mara mbili, na jambo la kwanza aliloniuliza ni gari limetembea kiasi gani. Nikamwonyesha mstari ambao wenzetu wameuandika kwa fahari, kwamba halijafikisha hata maili elfu kumi na tano. Mzee akacheka sana.

Ili tuelewe kicheko chake, turudi nyuma kidogo. Magari haya yaliundwa kwa amri ya serikali ya Uingereza kati ya mwaka 1953 na 1956, wakati Ulaya ilipokuwa ikiogopa mabomu ya nyuklia. Yalikuwa ya kikosi cha akiba, na kwa sababu ya rangi yake ya kijani Waingereza waliyabandika jina la utani, Green Goddess. Kikosi chenyewe kilivunjwa mwaka 1968, magari yakawekwa maghalani. Yalitolewa wazimamoto walipogoma mwaka 1977, na tena katika migomo ya 2002 na 2003, yakiendeshwa na askari jeshi. Hatimaye yaliuzwa, na mengi yakaletwa Afrika. Basi maili ni chache kwa sababu gari lilikuwa limelala. Chuma kikilala pakavu hakidhuriki sana, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala.

Hivyo basi, ndugu zangu wa mbao, anzeni na kila kilichotengenezwa kwa mpira. Msiangalie kashata za matairi. Angalieni ubavuni penye tarakimu nne za mwisho: 2314, kwa mfano, maana yake tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kama hakuna tarakimu nne, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na halifai hata kama linang'aa. Gari la zimamoto husimama na mzigo wake usiku na mchana. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi likijaa matairi hayapumziki kamwe. Tairi lililokauka litapasuka siku mnayokimbia, si siku limeegeshwa.

Baada ya matairi, mipira ya silinda za breki, mipaipu yake, mkanda wa feni na mipaipu ya rejeta. Yote ing'olewe na kubadilishwa hata kama inaonekana mizima. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani. Yakikaa miaka yana maji ndani, na mkiteremka milima yenu huku mkikanyaga breki, maji hayo huchemka na kuwa mvuke, pedali ikazama hadi sakafuni. Yabadilishwe sasa, na kisha kila baada ya miaka miwili. Nawaomba pia fundi wenu asipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa kama ilivyo desturi ya gereji zetu. Lainingi za miaka ile zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Alilowanishe kwa maji, alifute kwa kitambaa kibichi, kitambaa kikatupwe mbali.

Kuhusu injini, hii ni ya petroli, silinda sita, lita 4.9. Iliundwa kwa petroli yenye risasi, ambayo pamoja na kazi nyingine ilikuwa ikikinga siti za valvu zisilike. Petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Injini ya zamani ikifanyishwa kazi nzito bila risasi, valvu huzama kidogo kidogo, nafasi yake inaisha, halafu valvu haifungi tena na inaungua. Kupampu maji ni kazi nzito. Kwa hiyo nafasi za valvu zipimwe mara kwa mara, na siku kichwa cha injini kitakapofunguliwa fundi aweke siti ngumu. Mkumbuke pia kwamba huko juu, kwenye mita 2,000 hivi, hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani, na nguvu za injini hupungua vivyo hivyo.

Wengi wetu hudhani gari la dharura linatunzwa kwa kuwashwa asubuhi dakika tano na kuzimwa. Mzee anasema huko ni kuliua. Injini isiyopata moto sawasawa hujikusanyia maji kwenye oili, na betri haipati chaji iliyotumika kuwashia. Mara moja kwa juma litolewe barabarani nusu saa nzima. Petroli nayo inazeeka, na ikikaa miezi inaacha gundi ndani ya kabureta, kwa hiyo safari hizo si hasara. Isitoshe, gari hili linapopampu limesimama, maili hazisogei ilhali injini inaungua. Wekeni daftari, muandike saa za kupampu. Mafundi huhesabu saa moja ya pampu kama mwendo wa kilomita 50 hivi, na oili ibadilishwe kwa hesabu hiyo, au kila mwaka hata kama gari halikufanya kazi.

Sasa tuje kwenye pampu, maana bila hiyo mmenunua lori la kijani tu.

Pampu hii ina gurudumu lenye mapanga linalozunguka kwa kasi na kuyarusha maji nje. Hufanya kazi nzuri ikiwa na maji tumboni, lakini haiwezi kuvuta hewa. Ndiyo maana kuna kifaa kingine kidogo cha kutoa hewa kwanza kwenye mpira mgumu wa kunyonyea. Hewa ikishatoka ndani, uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji ya mto yapande. Watu wengi hawalijui hilo. Wanadhani pampu yenye nguvu zaidi itavuta kutoka shimo refu zaidi. Haiwezekani. Pwani, mwisho wa nadharia ni mita 10.3, na kwa vitendo wazimamoto hutegemea mita 7 hivi. Huko kwenu mwisho wa nadharia ni kama mita 8, kwa hiyo msipange kunyonya kutoka kina cha zaidi ya mita 5. Mkapime leo kwa kamba kutoka ukingo wa daraja hadi kwenye maji, tena wakati wa kiangazi, maana mbao huungua kiangazi.

Na kama kuna tundu dogo mahali popote, hewa itaingia na maji hayatapanda. Ili kulijua, kuna kipimo kikavu kisichohitaji maji. Mwaga maji yote ya pampu, funga koki zote, ziba mdomo wa kunyonyea kwa kifuniko chake, toa hewa mpaka sindano ya geji itulie, kisha acha. Tazama saa. Kipimo cha Wamarekani ni kufikia inchi 22 za zebaki, na kutopoteza zaidi ya inchi 10 kwa dakika tano. Kwenye mwinuko wenu sindano haitafika 22, lakini kasi yake ya kurudi ndiyo itakayowaambia. Ikirudi mbio, tafuteni washa iliyokauka, maana mara nyingi ni washa ya bei ndogo kabisa.

Hapa mzee alisisitiza jambo hata akanishika mkono. Katika pampu nyingi za umri huo, shafti huzibwa kwa kamba yenye grisi iliyobanwa na nati. Kamba hiyo lazima idondoshe matone pampu inapofanya kazi, kwa kuwa matone hayo ndiyo yanayoipoza. Fundi mgeni huona maji yanadondoka, akadhani ni ubovu, akakaza mpaka pakauke. Kamba inaungua, shafti inachimbika, na shafti ya gari la mwaka 1955 hainunuliwi dukani. Vilevile pampu isizungushwe kavu, wala isiachwe ikizunguka huku koki zote zimefungwa, maana maji yaliyomo huchemka kwa dakika chache. Mkinyonya maji ya mto yenye mchanga, chujio liwe mwisho wa mpira na lisiguse chini. Mkirudi, pitisheni maji safi.

Mipira ya kurushia maji ioshwe na kuanikwa kivulini hadi ikauke kabisa kabla ya kukunjwa, hasa kama ni ya turubai, kwani huoza. Na viungo vya mwishoni mwake vijaribiwe kwenye bomba la zimamoto lililo karibu nanyi. Kiungo cha Kiingereza na kile cha Kijerumani kiitwacho Storz havishikani. Nimewahi kusimama na kinasa sauti changu penye moto, gari limewahi, bomba la barabarani lina maji, na katikati yake hakuna kiungo. Duka la tatu liliungua tukitazama. Adapta moja ingetosha.

Mmeuliza mwisho kama mnaweza kulipaka rangi nyekundu. Lipakeni. Lakini kwanza nakilini namba ya chesisi na ya injini kwenye lile daftari, kwa sababu spea huagizwa kwa namba hizo, na mchoraji asifunike kibao chake wala vichuchu vya grisi.