Kumpima Kondoo Dume Kabla ya Kupandisha

Katika vilima vya Mbuji, wilayani Mbinga, kundi dogo la kondoo laweza kutegemea dume mmoja tu. Akiwa mgumba, msimu mzima hupotea. Na kwa kuwa mimba ya kondoo huchukua takriban siku 150, mfugaji hutambua hasara akiwa amekwisha kuchelewa.

Kipimo cha awali ni chepesi. Dume husimamishwa, korodani zote mbili huvutwa chini taratibu, kisha futi ya fundi cherehani huzungushwa penye unene mkubwa kuliko pote. Kwa madume wazima wa aina kubwa za kigeni, kipo kiwango cha chini cha mzingo kinachokubalika. Wa asili, wenye umbo dogo, hulinganishwa na wenzao wa umri na uzito ule ule.

Baada ya futi, vidole. Korodani njema ni ngumu kiasi, zinalingana, hazina vinundu. Uvimbe au kusinyaa huweza kuashiria bruselosisi, maradhi ambayo baadhi ya aina zake humwambukiza binadamu. Mpimaji anawe kwa sabuni na kumwita daktari wa mifugo.

Mbegu za kiume huchukua takriban wiki 7 kuundwa. Kwa hiyo, dume apimwe miezi 2 kabla ya kupandisha, ungali upo muda wa kumlisha vyema au kumbadilisha.