KUNDI LA DAMU YAKO: KADI YA NYUMBANI YAWEZA KUSEMA NINI?

Damu ya watu wote ni nyekundu, nayo ikitazamwa kwa macho tu haionyeshi tofauti kati ya mtu na mtu. Walakini damu si ya namna moja. Mgonjwa akitiwa damu isiyopatana na yake aweza kufa, hata ikiwa damu ile ilitoka kwa ndugu yake wa tumbo moja. Kwa sababu hiyo yafaa kila mtu alijue kundi la damu yake.

Siku hizi kuna vifaa vidogo vya kupimia damu nyumbani. Mtu hujitoboa kidole, huchanganya matone machache ya damu na dawa iliyokaushwa juu ya kadi, na baada ya dakika chache hupata jibu. Kazi hii si ngumu, lakini yataka uangalifu. Tena jibu lenyewe lina mpaka wake, na asiyeujua mpaka huo aweza kujiletea hasara kubwa.

Asili ya maarifa haya

Katika karne ya 19 daktari mmoja wa London, James Blundell, alijaribu kuwatia wagonjwa damu ya watu wengine, hasa wanawake waliotokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa. Baadhi yao walipona, na wengine wakafa. Hakuna aliyejua sababu.

Sababu ilianza kujulikana katika mji wa Vienna, nchi ya Austria. Mtaalamu Karl Landsteiner alichukua damu yake mwenyewe na ya wenziwe aliofanya kazi nao, akachanganya chembe nyekundu za mmoja na maji ya damu ya mwingine. Mara nyingine mchanganyiko ulibaki laini. Mara nyingine chembe ziligandamana kama maziwa yaliyokatika. Mwaka 1901 alitangaza ya kuwa watu wana makundi mbalimbali ya damu, na mwaka 1902 wenziwe wakaongeza kundi la nne. Makundi hayo ndiyo yaitwayo A, B, AB na O. Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Siku yake ya kuzaliwa, yaani tarehe 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani.

Kadi ya kupimia damu nayo si jambo geni. Ilibuniwa nchini Denmark na daktari aitwaye Eldon, naye alieleza habari zake katika gazeti la madaktari mwaka 1955. Nia yake ilikuwa damu iweze kupimwa kando ya kitanda cha mgonjwa, pasipo haja ya vyombo vingi.

Alama na walinzi

Juu ya kila chembe nyekundu ya damu kuna alama ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mwenye alama A ni wa kundi A. Mwenye alama B ni wa kundi B. Mwenye zote mbili ni wa kundi AB. Na asiye na hata moja ni wa kundi O.

Katika maji ya damu, nako, kuna walinzi wa mwili. Kazi yao ni kuikamata chembe yoyote yenye alama ya kigeni. Mwenye kundi A ana walinzi wanaoikamata alama B, na mwenye kundi B ana walinzi wanaoikamata alama A. Mwenye kundi O ana walinzi wa namna zote mbili, na mwenye AB hana hata wa namna moja. Mgonjwa wa kundi O akitiwa damu ya kundi A, walinzi wake huzishambulia chembe ngeni na kuzivunja. Figo huharibika, na mgonjwa huwa katika hatari ya kufa.

Iko alama nyingine iitwayo D, nayo ni ya jamii ya Rh iliyoelezwa mwaka 1940. Mwenye alama hiyo huitwa Rh chanya, na asiye nayo huitwa Rh hasi. Ndiyo maana watu husema «O chanya» au «A hasi». Katika Afrika Mashariki walio wengi ni Rh chanya, na Rh hasi ni wachache katika kila watu mia. Kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi.

Namna ya kupima

Kadi ina miviringo minne. Wa kwanza una dawa ya kuikamata alama A, wa pili alama B, na wa tatu alama D. Wa nne hauna dawa ya kukamata alama yoyote. Kazi yake ni kuonyesha kama kipimo kimekwenda sawasawa.

Kwanza mtu asome maelezo yaliyo ndani ya pakiti, na kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha anawe mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni, aikaushe, na kuuachia mkono uning'inie chini kidogo ili damu iteremke. Tone moja la maji hutiwa katika kila mviringo. Ndipo kidole hutobolewa pembeni mwa ncha kwa kisindano kilichomo katika pakiti, maana pembeni pana maumivu machache kuliko katikati.

Damu huchukuliwa kwa vijiti vinne, kila mviringo na kijiti chake. Kijiti kimoja kisitumiwe katika miviringo miwili, kwa kuwa kitahamisha dawa kutoka mviringo mmoja hadi mwingine na kuharibu jibu. Damu huchanganywa na maji na dawa mpaka kuenea mviringo mzima. Halafu kadi huinamishwa polepole kila upande kama maelezo yasemavyo, nayo husomwa mahali penye mwanga mzuri kabla damu haijakauka.

Kisindano ni cha mtu mmoja, na cha mara moja tu. Mume na mke wasitumie kimoja, wala mama na mtoto. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini huweza kupita katika damu kidogo iliyobaki kwenye ncha. Kisindano kilichotumika kitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, mbali na watoto, kisitupwe ovyo jalalani.

Kulisoma jibu

Mahali damu inapogandamana mabonge madogo, alama ile ipo. Mahali inapobaki laini, alama ile haipo. Mathalan, damu ikigandamana katika mviringo wa A na wa D, na kubaki laini katika wa B na wa nne, mtu yule ni A chanya. Ikigandamana katika mviringo wa D peke yake, yeye ni O chanya. Ikibaki laini kote, yeye ni O hasi. Lakini jibu la namna hii lirudiwe katika maabara, kwa sababu hata kadi iliyoharibika yaweza kuonyesha vivyo hivyo.

Damu ikigandamana katika mviringo wa nne, kadi nzima haina jibu. Mtu asijaribu kukisia. Tena wako watu ambao kadi yaweza kuwakosea: mtu aliyetiwa damu miezi ya karibuni, mtoto mchanga ambaye alama zake bado ni dhaifu, na yule ambaye alama yake ya D ni hafifu.

Faida kwa mama mjamzito

Faida kubwa ya kujua kundi la damu ni kwa wanawake. Mama aliye Rh hasi aweza kuchukua mimba ya mtoto aliye Rh chanya kama baba yake. Aghalabu mtoto wa kwanza huzaliwa salama. Lakini wakati wa kuzaa, au mimba ikiharibika, damu kidogo ya mtoto huingia katika mwili wa mama, na mwili wake waweza kutengeneza walinzi dhidi ya alama D. Katika mimba ya pili walinzi hao huvuka na kuvunja chembe za mtoto. Mtoto huzaliwa na upungufu wa damu na manjano kali, au hufa kabla ya kuzaliwa.

Zamani watu waliona mama akizaa mtoto mmoja mzima na kuwapoteza waliofuata, wakanena ni laana au uchawi. Sivyo. Tangu mwaka 1968 kuna sindano ya kuzuia jambo hilo. Mama Rh hasi huchomwa karibu na wiki ya 28 ya mimba, na tena katika saa 72 baada ya kumzaa mtoto aliye Rh chanya. Vilevile huhitaji ushauri upesi mimba ikiharibika. Mwanamke ambaye kadi yake yaonyesha Rh hasi asingoje. Aende kliniki apimwe tena, na akichukua mimba amweleze mkunga siku ya kwanza.

Kadi si shahidi wa ugomvi

Liko jambo moja ambalo huvunja nyumba. Baba hupima na kujikuta A, mama ni B, na mtoto ni O. Baba husema, «Huyu si wangu.» Maneno hayo hutokana na kutojua.

Kila mtu hupokea fungu moja la kundi la damu kwa baba na jingine kwa mama. Fungu la A na la B huonekana. Fungu la O hujificha nyuma yao. Baba wa kundi A aweza kuwa na fungu la O lililojificha, na mama wa kundi B vivyo hivyo. Watu hawa wawili waweza kuzaa mtoto wa A, wa B, wa AB, au wa O, na wote wakawa watoto wao halali. Kadhalika wazazi wawili walio Rh chanya waweza kuzaa mtoto aliye Rh hasi.

Ni kweli ya kwamba yako makundi yasiyopatana kwa kawaida, kama mzazi wa AB na mtoto wa O. Hata hivyo kadi iliyosomwa jikoni kwa mwanga wa taa haitoshi kumhukumu mtu, wala kumwita mtoto haramu. Penye shaka ya kweli, kipimo chake ni kile cha vinasaba, nacho hufanywa na wataalamu.

Hospitali hupima upya

Mtu asidhani ya kuwa akibeba kadi mfukoni hospitali itamtia damu kwa kuiamini kadi ile. Kabla ya kutiwa damu, mgonjwa huchukuliwa damu yake na kupimwa kundi, kisha maji ya damu yake huchanganywa na chembe za damu anayotaka kupewa, ili ionekane kama zapatana. Huko si kumdharau mgonjwa wala kumchelewesha. Kosa la herufi moja laweza kumwua mtu. Kadi wala haisemi habari za malaria, UKIMWI, wala selimundu. Hizo zina vipimo vyake.

Asiye na kadi naye ana njia nyingine ya kulijua kundi lake, nayo ni kuchangia damu. Nchini Kenya huduma ya taifa ya damu iliundwa mwaka 2000, baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 mjini Nairobi, ambapo zaidi ya watu 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa, na hospitali zikahitaji damu nyingi kwa ghafula. Mwenye afya njema, wa umri wa miaka 16 hadi 65, na uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kuchangia. Damu yake hupimwa kundi na magonjwa bila malipo.

Basi, mwenye kupima nyumbani apime kwa uangalifu, aandike jibu lake, na kulipeleka kliniki lihakikishwe. Aliye Rh hasi akumbuke zaidi, kwa kuwa damu yake ni adimu: siku moja yeye aweza kumhitaji mwenziwe, au mwenziwe kumhitaji yeye.